Mdogo Wangu Alisema Boti Imekaa Chini

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanigeukia, maana najua ukurasa wako unavyowachana watu, na mimi mwenyewe nimecheka sana nikisoma wenzangu wanavyochanwa, sasa leo ni zamu yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nina boti tatu za kuvusha abiria na mizigo, na sikurithi hata kasia. Nilianza kwa kusimama gatini nikiita abiria wa boti za watu, nikakata tiketi miaka minne, injini nikajifunza kwa kumshikia fundi spana, na miaka tisa iliyopita nikaingiza majini boti yangu ya kwanza ya mbao. Ya pili ina miaka mitano, ya tatu ina mitatu. Kuvuka kwetu ni dakika kumi na nane, na kila boti inavuka mara kumi na nne kwa siku. Nakupa hesabu hizi siyo kwa kujigamba, nataka tu ujue kwamba mimi siyo mtu wa kubahatisha.

Nahodha wa boti ya kwanza alikuwa mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, namzidi miaka minane. Gatini wanamwita Taratibu, kwa sababu hajawahi kuondoka bila kuitazama boti kwanza, mbele, nyuma, ubavu huu na ubavu ule, na abiria wakimpigia kelele, "We Taratibu, tutafika leo au keshokutwa?" anawajibu, "Hata keshokutwa, mradi ufike mkavu." Watu wanacheka, anawasha injini. Ndivyo alivyo. Kuendesha nilimfundisha mimi, na hilo naomba ulikumbuke unaponijibu.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu, bila hilo hutanielewa. Kwetu huwezi kuhesabu vichwa ukasema boti imejaa au haijajaa, maana mmoja anakuja na mkoba wa begani, mwingine anakuja na kitanda, godoro na mifuko sita ya saruji, na wote ni abiria mmoja mmoja. Kwa hiyo siku tulipoiingiza majini boti ya kwanza tulichora mstari. Mimi nilikuwa ndani ya boti napakia mifuko ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, na yeye alikuwa amesimama nje, maji yakimfika kifuani, ana msumari mkononi, anaangalia boti inavyoshuka na anaisukuma kidogo kuona inavyorudi. Nikapakia, nikapakia, mpaka akasema, "Dada, imetosha." Akakwaruza ubao kwa msumari pale pale maji yalipofika, alama tatu kila ubavu. Tukaivuta nchi kavu, tukapaka rangi nyeusi kutoka chini mpaka kwenye alama, na juu ya nyeusi nikapaka mstari wa njano wenye upana wa vidole vitatu. Sheria ikawa hiyo: njano ikionekana yote, pakia. Maji yakigusa njano, acha, hata kama aliyebaki gatini ni mama yako mzazi.

Boti ya pili na ya tatu tulizichora hivyo hivyo. Na kila mwaka tunazipandisha nchi kavu, tunakwangua ukoko wa majini, tunapaka upya. Mstari simwachii mtu, huo ni brashi yangu mwenyewe.

Mkasa wenyewe ulitokea miezi miwili iliyopita, siku ya soko, saa tatu asubuhi, gati limejaa mpaka watu wanakanyagana. Boti ya kwanza ilikuwa imeshapakiwa. Taratibu akazunguka na macho yake kama kawaida, akaingia, akashika usukani, akatoka tena. Akanifuata nilipokuwa nakata tiketi.

"Dada, boti imekaa chini."

Nikatazama. "Mstari unaonekana?"

"Unaonekana."

"Wote?"

"Wote. Lakini dada, boti ni nzito. Siku hizi nikikata kona inalala, inachelewa kuinuka. Tushushe hii saruji, niirudie safari ijayo."

Mwenye saruji akasikia, akaanza kupiga kelele kwamba ana mafundi wanamngoja ng'ambo. Abiria nao wakapokea. Mwanamke mmoja akasema, "Kama nahodha anaogopa, sisi tufanyeje?" na wengine wawili wakaanza kushuka kwenda boti za jirani, zile za bluu. Mshauri, nilipandwa na hasira. Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Mstari ni nini?" Akageuka kuitazama boti. Nikamwambia, "Nimekuuliza, mstari tuliuchora wa nini, pambo?" Akasema, "Mimi nakwambia ninavyoisikia mikononi." Nikamjibu, "Mikono yako haina namba. Kama maji unayaogopa, kafuge kuku."

Watu walicheka. Gati zima lilicheka.

Nahodha wetu huvaa mkononi ile kamba ya kuzimia injini, ili akianguka majini injini izimike. Taratibu akaivua, akaiweka juu ya kitabu changu cha tiketi, akaondoka kwa miguu kupita katikati ya wale waliokuwa wanamcheka.

Boti niliipeleka mwenyewe. Na hapa nakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Safari ya dakika kumi na nane nilitumia dakika ishirini na tatu. Katikati ilipita meli ya mizigo, wimbi lake likaja kwa ubavu, boti ikalala, na mimi nikasubiri iinuke, nikasubiri, nikasubiri, maji yakaingia yakalowesha magoti ya waliokaa upande ule. Ikainuka. Nikawaambia abiria ni upepo. Hata nafsi yangu nikaiambia ni upepo.

Wiki iliyofuata Taratibu akaanza kazi kwenye boti za bluu, na abiria wangu wa kila siku, walimu wanne na yule muuza vitambaa, wakahamia huko. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hasemi kitu. Wakimuuliza kwa nini ameondoka kwa dada yake anasema, "Nimebadilisha upepo tu." Angenisema vibaya ningejua pa kumshika. Mama yetu, ambaye miguu inamsumbua na hatoki ndani, ananipokea Jumamosi, anampokea yeye Jumapili. Juzi aliniambia, "Mwanangu, nimezaa watoto wawili, sasa nawala kwa zamu kama dawa." Sikujua nicheke au nilie.

Sasa, wiki iliyopita boti ya kwanza ilianza kuvuja kwenye ubao mmoja, nikaipandisha. Fundi boti akakwangua rangi zote chini ya njano, miaka tisa ya rangi, mpaka mbao ikawa uchi. Akaniita. Akaweka kidole kwenye mikwaruzo mitatu chini ya mstari wangu.

"Mama, nani alichora hapa?"

"Mdogo wangu, siku tulipoiingiza majini."

"Na huu wa njano wa juu?"

"Mimi."

Akatazama mikwaruzo, akatazama njano. "Yeye alichora vizuri," akasema, akaendelea na kazi yake.

Nilichukua utepe nikapima. Sentimita tano. Mshauri, mstari ulikuwa umepanda sentimita tano, na hakuna aliyeupandisha ila mimi. Kila mwaka ukingo wa chini wa njano unashika mafuta na ukoko, haubanduki hata ukikwangua, kwa hiyo mimi naufunika na nyeusi, kidogo tu, milimita tano au sita, halafu napima tena vidole vitatu kwenda juu na kupaka njano safi inayopendeza. Mara tisa. Nilikaa juu ya kopo la rangi nikapiga hesabu, maana ndivyo nilivyo, hata nikifiwa nitapiga hesabu. Boti ile ukiingiza watu wawili wazima inashuka sentimita moja. Sentimita tano ni watu kumi. Au mifuko kumi na minne ya saruji. Siku ile ya soko, juu ya kiasi chetu cha haki, nilikuwa nimebeba watu kumi wasioonekana, na mdogo wangu aliwasikia mikononi.

Boti hiyo nitaipaka upya na alama zake za zamani, hilo halina mjadala. Zile mbili ziko kazini kama kawaida, ni msimu, siwezi kuzipandisha zote kwa wakati mmoja.

Swali langu ni hili. Je, nimwambie? Nikimwambia, atasema kwa mama, mama atasema kwa majirani, na kesho gati zima litajua kwamba yule mama wa mstari wa njano amekuwa akizidisha mizigo kwa miaka. Nani atapanda? Nimejenga kitu hiki kwa mikono yangu, hakuna aliyenishika mkono. Na yeye pia ana kosa, aliniacha siku ya soko katikati ya kazi, na angeongea kwa maneno ya kueleweka badala ya "naisikia mikononi" ningemsikiliza. Nafikiri kumwita tu, nimpe boti mpya kuliko zote aiendeshe, nimwongezee mshahara, nimwambie yaliyopita yamepita, na mstari niushushe kimyakimya. Mama atafurahi, kazi itaendelea, na hakuna atakayeumia. Au nakosea?

Wako,
Mwenye Boti Tatu

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Boti Tatu, barua yako nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nilipofika mwisho ilibidi nirudi nyuma, kwa sababu kuna sentensi moja umeipitisha haraka haraka kama mtu anayepitisha mzigo mlangoni. "Zile mbili ziko kazini kama kawaida."

Kama kawaida ipi, mama? Brashi ni ile ile. Mkono ni ule ule. Uchafu uliokuwa unaufunika kwenye boti ya kwanza ulikuwa unaufunika kwenye zote tatu. Umepima moja tu, ile ambayo haiko majini. Barua yako ilikuwa na siku sita iliponifikia. Boti mbili, mara kumi na nne kila moja, kwa siku sita: ni safari mia moja sitini na nane. Wewe ndiye mtu wa hesabu, nisahihishe kama nimekosea.

Kwa kuwa uliacha namba yako, sikungoja gazeti. Nilikupigia, na wasomaji wangu wajue ulichonijibu. Nilikuuliza kuhusu boti mbili. Ukasema, "Nimeshapunguza, mshauri." Nikauliza umepunguza kiasi gani. Ukasema, "Kidogo." Mtu anayejua kwamba sentimita tano ni mifuko kumi na minne ya saruji ananiambia kidogo! Nikakwambia nitakaa kwenye simu mpaka unipe namba, na ukanipa. Ukanihesabia kwamba mstari wa boti ya pili utakuwa umepanda sentimita tatu hivi, wa ya tatu karibu mbili, na ukataka tubishane kuhusu milimita. Mimi boti najua kupanda na kushuka, siwezi kubishana nawe. Nilikwambia uzichukue zote kana kwamba mistari yake imepanda tano, na kila moja iondoke na watu kumi pungufu mpaka siku itakapopandishwa. Ukakubali, ukaguna. Nimeusikia mguno wako na nimeusamehe.

Sasa tuje kwa mdogo wako, maana ndicho ulichoniuliza.

Nakuonea huruma, na sisemi kwa adabu tu. Najua maana ya kuanza bila kitu, na najua kwamba mtu wa namna hiyo anashika namba kama wengine wanavyoshika ukoo wao. Namba hazikukuuliza baba yako ni nani. Namba zilikutoa gatini. Lakini sikiliza: mstari ule haukuwa namba. Mstari ule ulikuwa neno la mdogo wako. Yeye ndiye aliyesimama majini, akaitikisa boti, akaona inavyorudi, akasema imetosha, na wewe ukalipaka rangi. Miaka tisa baadaye alikuja na neno lile lile, kutoka mikono ile ile, ukamwuliza namba iko wapi. Mara ya kwanza ulimsikiliza ukiwa na mifuko ya mchanga. Mara ya pili ulikuwa na watu, na hukumsikiliza.

Unasema angeongea kwa maneno ya kueleweka. Nimeisoma tena sehemu hiyo. "Boti imekaa chini. Nikikata kona inalala, inachelewa kuinuka. Tushushe saruji." Ni neno gani hapo hukulielewa? Mimi ambaye sijawahi kushika usukani nimeelewa. Na wewe uliliona kwa macho yako dakika chache baadaye, likawalowesha abiria wako magoti, na bado ukaita upepo. Kwa hiyo usiniambie kwamba umejua kosa lako wiki iliyopita kwenye kopo la rangi. Wiki iliyopita ulipata kipimo tu. Kosa ulilijua katikati ya maji.

Kuhusu kuondoka kwake siku ya soko, nakupa hilo: nahodha hapaswi kuacha boti iliyopakiwa. Lakini ungetaka afanye nini? Aiendeshe? Angeiendesha na ikalala isiinuke, leo usingekuwa unaniandikia mimi.

Na hiyo zawadi yako ya boti mpya na mshahara, iache kwanza. Ukimwongezea mshahara bila kumwambia ukweli, unamlipa aendelee kuamini kwamba siku ile alikuwa mwoga. Huyo ni mtu aliyechekwa na gati zima, na kwa miezi miwili hajafungua kinywa kukusema, na wewe unaogopa kwamba ukimwambia atakutangaza! Mwenye kukutangaza angeshakutangaza. Anasema amebadilisha upepo. Nyote wawili mmeusingizia upepo, ila yeye alifanya hivyo kukusitiri wewe.

Kuhusu abiria, uoga wako una msingi, sikudanganyi, wengine watahama. Hao waliohama tayari wamemfuata nahodha, hawakufuata rangi ya bluu. Unafikiri kilichojaza boti zako miaka tisa ni nini? Watu walikuwa wanamcheka Taratibu halafu wanapanda boti yake.

Fanya hivi. Usimwite kwako, wewe ndiye mkubwa kwa kuzaliwa na ndiye uliyekosa, kwa hiyo nenda wewe. Nenda Jumapili, siku ya zamu yake, kwa mama, na mama asitolewe chumbani. Usibebe zawadi. Beba utepe wako wa kupimia na umwambie sentimita ngapi, mkono wa nani, miaka mingapi. Mwambie na zile dakika ishirini na tatu, na magoti yaliyolowa. Maneno ya kuku uyafute kwa kinywa kile kile kilichoyasema, na siku atakaporudi gatini, kama atarudi, uyafute tena asubuhi ya soko, watu wakiwepo. Ulimwaibisha kwa sauti kubwa, huwezi kumsafisha kwa kunong'ona.

Usimwombe arudi kazini siku hiyo. Mwombe jambo moja tu. Boti ya pili na ya tatu lazima zichorwe upya, na kazi hiyo huwezi kuifanya peke yako, wewe mwenyewe umenieleza: mmoja yuko ndani anapakia, mwingine yuko majini na msumari. Unaweza kumwajiri mtu yeyote asimame pale. Mwombe yeye. Akikataa, umepata jibu lako na utalibeba, na mistari utaichora na mtu mwingine. Akikubali, vueni viatu muanze.

Na msumari ukishakwaruza, usiishie kwenye rangi. Mwambie fundi boti apigilie vipande vidogo vya shaba kwenye kila alama, visivyofunikwa na brashi ya mtu yeyote, hata yako. Wewe ni mtu safi mno, mama, na ni usafi wako ulioipandisha mistari.

Pakia mifuko ya mchanga polepole kama mlivyofanya mara ya kwanza. Atakapokwambia, "Dada, imetosha," utaona bado kuna nafasi, na mkono utakuwasha uongeze mfuko mmoja. Ushushe chini mfuko huo.